Hivi huyu nyoka wa udongo wa Adams, Ohio, nani hasa alimjenga?

#1 Dereva_wa_Zamu
Habari za jioni wakuu. Niko Columbus, Ohio, naendesha lori. Wiki ijayo nina siku mbili za kupumzika na nimemwahidi binti yangu, yuko darasa la nne, tukaone lile tuta la nyoka kaunti ya Adams, huku kusini karibu na mto Ohio.

Kwa wasiolijua: ni nyoka wa udongo, urefu kama mita 411, kajikunja mara saba, mkia umeviringwa kama ukili, na mdomoni ana kitu cha mviringo. Kimo chake hakizidi kiuno cha mtu mzima. Ukiwa chini unaona majani tu, ukipanda mnara ndiyo unamwona mwenyewe.

Nilivyosoma, lina miaka 1,000 hivi, limejengwa na watu wa Fort Ancient, na UNESCO wameliweka kwenye orodha yao. Binti aliniuliza nani alijenga na kwa nini. Nikamjibu "Wahindi Wekundu, walikuwa wanaabudu nyoka". Akaandika hivyo hivyo, mwalimu kamrudishia daftari na alama ya kuuliza kubwa kama ndoana.

Naombeni msaada. Na hiyo kaunti ina kingine cha kuona, au naendesha karibu saa mbili kwenda kutazama kichuguu?

#2 Kigoda_cha_Mbele
Nimekaa hapa. Ngoja waje.

#3 Mzee_wa_Makorokocho
Nimesoma "tuta" nikajua wamewawekea la barabarani. Mita 411! Hapo hata trekta linakata springi.

#4 Mwl_Jiografia
Mleta uzi, mwalimu wa mtoto ana haki. Tuanze na mepesi.

Tuta hilo halipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Yaliyoingia Septemba 2023 ni mahandaki na maboma ya udongo ya Wahopewell, watu wa kale wa Ohio, sehemu nane, nazo ziko kaunti nyingine: Ross, Licking na Warren. Nyoka wa Adams yuko kwenye foleni, Marekani wamemtaja tu kuwa watamwombea siku moja.

Fort Ancient nayo imewachanganya wengi. Kuna eneo linaloitwa Fort Ancient, kaunti ya Warren, ambalo lilijengwa na Wahopewell kama miaka 2,000 iliyopita. Kisha kuna watu waliopewa jina hilo hilo na wanaakiolojia, na hao waliishi miaka 1,000 na zaidi baadaye. Eneo lina jina la watu ambao hawakulijenga. Ukijichanganya hapo haupo peke yako.

#5 Mtaa_wa_Saba
Kwa hiyo miaka 1,000 ni sawa au si sawa? Mbona umezunguka mkuu.

#6 Mwl_Jiografia
Sijazunguka, nilikwenda kula.

Ugomvi wenyewe ni huu. Karne ya 20 wengi waliamini ni kazi ya Waadena, watu wengine wa kale, maana makaburi yao yapo hapo jirani. Mwaka 1991 wakachimba tena, wakapata vipande vya mkaa ndani ya tuta, wakapima umri wake kwa kaboni, wakapata mwaka 1070 hivi baada ya Kristo. Hiyo ndiyo miaka yako 1,000. Miaka ishirini baadaye timu nyingine ikatoboa kwa mabomba membamba, ikapata mkaa wa kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Tofauti ni karibu miaka 1,400, na pande zote mbili wana mkaa mkononi.

Mwanaakiolojia Brad Lepper na wenzake wanasimamia 1070. Mwenzake William Romain na timu yake wanasimamia 300 K.K. Wamejibizana kwenye majarida ya kitaaluma kama sisi hapa, ila wao kwa adabu.

#7 Fundi_Chokaa
Mimi nimekarabati majengo ya zamani Bagamoyo na Kilwa. Ukichukua lipu ya ukuta wa msikiti wa kale ukaipima, utaambiwa ni ya juzi, maana kila kizazi kinapiga chokaa yake. Tuta la udongo bila kurudishiwa udongo linakwisha kwa mvua. Kwa nini lisiwe limejengwa na wa kwanza, likakarabatiwa na wa pili?

#8 Mwl_Jiografia
#7 umegonga. Hoja hiyo hao wa 300 K.K. wanayo: kwamba watu wa Fort Ancient walilikuta limechakaa wakalirudishia. Wa upande wa pili wanajibu kwamba mkaa wa zamani unaweza kuwa ulikuwemo ardhini tangu mwanzo, tuta likajengwa juu yake. Mkaa haukuambii nani aliuwasha moto.

#9 Mtu_wa_Migori
Wasee, na fuko je? Fuko akichimba anapandisha mkaa wa chini na kushusha wa juu. Sisi huku shambani tunapata kokoto za chini juu kila msimu.

#10 Mzee_wa_Makorokocho
Fuko apewe PhD yake mapema.

#11 Adamu_na_Hawa
Ninyi mnapoteza muda. Kaunti inaitwa ADAMS. Ina NYOKA. Nyoka ana TUNDA mdomoni. Bado hamjaelewa?

#12 Kigoda_cha_Mbele
😂😂😂 Uzi umeanza.

#13 Mwl_Jiografia
#11 unacheka, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kuna mchungaji wa Ohio alihubiri hivyo hivyo na akaandika kijitabu: kwamba Bustani ya Edeni ilikuwa hapo, na Mungu mwenyewe aliweka alama ya nyoka. Jina la kaunti lakini limetokana na John Adams, rais wa pili wa Marekani. Ilianzishwa Julai 1797, yeye akiwa ndiyo kwanza ameingia madarakani, na Ohio yenyewe ilikuwa haijawa jimbo. Ikawa jimbo 1803.

#14 Adamu_na_Hawa
Nashukuru kwa kunithibitishia.

#15 Mtaa_wa_Saba
Tusiwacheke. Wazungu wa karne ya 19 walishindwa kuamini kwamba mababu wa hao hao waliokuwa wanawafukuza ndio waliojenga. Wakabuni taifa lililopotea: mara Wafoinike, mara makabila kumi ya Israeli. Ilibidi Cyrus Thomas atoe ripoti nene mwaka 1894 kuonyesha kwamba wajenzi ni wenyeji wenyewe. Si ndiyo yale yale ya Zimbabwe Kuu? Na Kilwa na Gedi tuliambiwa miaka mingapi kwamba ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni, sisi tulikuwa tunabeba mawe tu?

#16 Bi_Mkasi
#15 hapo kwa Uajemi usinifungulie mjadala wa Washirazi usiku huu, mie nina kazi asubuhi.

#17 Dereva_wa_Zamu
Asanteni, nimeshajifunza kuliko nilivyoomba. Hao Waadena ndio Wahindi Wekundu gani?

#18 Mtaa_wa_Saba
Kwanza hilo neno liache, mkuu. Hata mwalimu wa mtoto nadhani ndipo alipoweka ndoana yake. Wenyeji wa asili, au taja kabila.

Pili, Adena si kabila. Ni jina la nyumba na shamba la Thomas Worthington, gavana wa zamani wa Ohio, pale Chillicothe. Kwenye ardhi yake kulikuwa na kichuguu cha makaburi, kikachimbwa, jina la shamba wakapewa marehemu. Wao walijiitaje, hakuna ajuaye.

Kabila lililokuwa pale wazungu walipofika ni Washawnee. Miaka ya mwanzo ya 1830 waliondolewa Ohio, wakasukumwa magharibi ya Mississippi. Leo Washawnee wa Mashariki wako Oklahoma, na chifu wao Glenna Wallace amekuwa akija Ohio kusema wazi kwamba hayo matuta ni ya wazee wao. Ohio nzima leo haina hata kabila moja linalotambuliwa na serikali kuu. Sasa fikiri: nyoka yupo, wenye nyoka wako mbali kama kutoka Mbeya mpaka Lusaka.

#19 Mtu_wa_Lusaka
Mmetuita?

#20 Jiwe_Lililoanguka
Naona kila mtu anazungumzia udongo, hakuna anayezungumzia mwamba. Nilisoma jiolojia kabla maisha hayajanifundisha kuuza vipuri.

Nyoka huyo amelala ukingoni mwa shimo la kimondo. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita kitu kilianguka hapo, kikavuruga miamba kwa upana wa kama kilomita 8. Miamba ya katikati imepanda juu mamia ya futi kuliko mahali pake, ya pembeni imeshuka. Miaka ya 1930 mwanajiolojia Walter Bucher alidhani ni mlipuko wa volkano uliofichika chini. Baadaye zikapatikana alama za mgandamizo ambao volkano haiwezi kuuleta, kama chembe za madini ya quartz zilizopasuka kwa mistari. Ukienda huoni shimo kama Ngorongoro, limeshachakaa, ni vilima tu na mashamba.

Sasa niambieni: Ohio yote ilivyo kubwa, nyoka mkubwa kuliko wote kawekwa hapo hapo kwa bahati?

#21 Mwl_Jiografia
Inawezekana kabisa kwa bahati. Pale pana genge juu ya kijito cha Brush Creek, na genge lenyewe limejipinda. Mtu yeyote mwenye macho angesema "hapa pana nyoka". Kimondo walikijuaje, na hata wanajiolojia wamekibishania miaka mingi?

#22 Jiwe_Lililoanguka
Wawindaji wanajua mawe kuliko maprofesa. Mawe yaliyosimama wima mahali ambapo kote jirani yamelala, utashindwa kuyaona?

#23 Nyota_Njema
Na angani je? Kichwa kimeelekea jua linapozama siku ile ndefu kuliko zote, Juni 21 hivi. Tena ukishika ule mwaka wa 1070, kumbuka 1054 nyota ililipuka ikaonekana mchana, na 1066 kimondo cha Halley kikapita na mkia wake. Nyoka wa mita 411 mwenye mkia... mimi nishamaliza.

#24 Jiwe_Lililoanguka
Halley si kimondo, ni nyotamkia. Kimondo ni kile kilichoanguka cha kwangu. Tusiibiane.

#25 Fundi_Chokaa
#23 na ukishika 300 K.K., hizo nyota zako zote mbili zinaanguka. Chagua mkaa wako kwanza.

#26 Gamboshi_Original
Kwetu Usukumani wapo Bayeye, chama cha wanaoshika nyoka. Wanajua dawa za sumu na wanacheza na chatu hadharani, nenda Bujora uone. Mtu wa nje akija anaandika "wanaabudu nyoka", wakati ni tiba na ngoma. Ndiyo maana jibu la #1 lilirudishwa. Kuchora nyoka si kumwabudu.

#27 Mzee_wa_Makorokocho
Ila wewe na jina hilo la Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi, mimi sibishani na wewe hata kidogo.

#28 Mama_Furaha_Dayton
Jambo bandugu. Miye niko Dayton, natoka Bukavu. Ile nyoka sijaiona, lakini tulienda na batoto ba kanisa kaunti ya pembeni, Brown, mji wa Ripley. Ni karibu sana na Adams, kama uko na gari usirudi bila kufika.

Iko nyumba juu ya kilima, ya mchungaji John Rankin. Pale chini ni mto Ohio, na ng'ambo ni Kentucky. Zamani Kentucky ilikuwa ya utumwa, Ohio hapana. Watu walikuwa wanavuka usiku, wanaona taa kwa dirisha kule juu, wanapanda. Iko ngazi ndefu sana, batoto balihesabu mpaka balichoka. Na chini kabisa, karibu na mto, ni nyumba ya John Parker. Huyo alikuwa mtumwa, alijinunua yeye mwenyewe 1845 kwa dola 1,800, akafungua kiwanda cha kuyeyusha chuma, na usiku anavuka kwenda kuleta wengine. Miye nilisimama pale nikaangalia mto. Si mpana. Ulikuwa unatosha kutenganisha.

#29 Dereva_wa_Zamu
#28 asante mama, Ripley nimeiweka.

#30 Bi_Mkasi
Nimerudi, usingizi umenikimbia. Hamjataja mabango ya viraka! Mie nimekwenda huko kwa ajili yake, nyoka nilimwona kwa kupitia.

Kaunti hiyo hiyo ya Adams, mwaka 2001, mwanamke aitwaye Donna Sue Groves alitaka kumuenzi mama yake, mshonaji wa mablanketi ya viraka, kwa kumchorea kipande kimoja cha nakshi juu ya ghala lao la tumbaku. Wazo likakua: kwa nini ghala moja, watu wazungukie kaunti nzima wakitazama? Kipande cha kwanza kikawekwa kwenye shamba la mitishamba mwaka huo huo. Sasa jambo hilo limeenea majimbo zaidi ya 40 mpaka Kanada. Unaendesha, kona hii nyota nyekundu na buluu, kona ile maua, kama vile mtu kaanika kanga juu ya paa. Kasoro yake ni kwamba hazina jina lililoandikwa, kama la kanga. Mie nilitafuta maneno ya chini kwa mazoea.

#31 Mtaa_wa_Saba
Hizo nakshi si ndizo zilikuwa siri za watumwa? Blanketi likianikwa na nakshi fulani maana yake "njia iko salama".

#32 Mwl_Jiografia
Inasimuliwa sana, na wanahistoria wengi wanaikataa, kwa sababu masimulizi ya waliotoroka wenyewe hayaitaji, na baadhi ya nakshi zinazotajwa ni za baadaye.

#33 Bi_Mkasi
Na mie nikikuvalia kanga ya "Sina siri nina jibu", umekwenda kuisoma kwenye makumbusho gani? Mambo ya wanawake hayaandikwi na wanaume, halafu wanasema hayakuwepo.

#34 Mwl_Jiografia
Hapo umenishika kwa mkono mmoja. Lakini bado ushahidi hamna.

#35 Mkulima_Urambo
Subirini, mmesema ghala la TUMBAKU? Kumbe ni wenzetu! Aina gani?

#36 Bi_Mkasi
Mie najua nakshi, tumbaku muulize mwenye pua.

#37 Dereva_wa_Zamu
Burley. Nimebeba mizigo upande huo. Mabanda marefu ya mbao, kuta zina mianya ya kufungua na kufunga.

#38 Mkulima_Urambo
Basi hiyo ni tumbaku ya hewa. Sisi Tabora ni ya mvuke, bani, yaani banda la kukaushia, linataka kuni na mtu wa kulala macho siku kadhaa mpaka jani liive. Wao wananing'iniza tu, upepo unafanya kazi. Ndiyo maana ghala lao linabaki zuri la kuchorwa, bani la kwangu likiisha msimu limeungua nusu. Bado wanalima?

#39 Mtaa_wa_Saba
Wachache. Serikali kuu ilikuwa na mfumo wa kugawa kiasi cha kulima na kulinda bei tangu miaka ya 1930. Mwaka 2004 ikaufuta na kuwalipa wakulima fidia kidogo kidogo kwa miaka kumi. Wengi wakachukua hela wakaacha. Halafu 2018 vikafungwa vituo viwili vya umeme wa makaa ya mawe vilivyokuwa kando ya mto, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Kaunti ya watu 27,000 na ushee, hapo kodi na ajira vimeondoka kwa mkupuo. Kwa hiyo utalii kwao si mapambo.

#40 Mtu_wa_Migori
Hapo ndipo penye uchungu. Sisi Migori tuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe bila saruji hata kidogo, zimeingia UNESCO 2018. Waulize Wakenya kumi, tisa hawajafika. Na huyo nyoka watu wanafunga safari.

#41 Kigoda_cha_Mbele
Wewe umefika?

#42 Mtu_wa_Migori
Nimepita karibu.

#43 Shamba_la_Mjomba
Mleta uzi, ya vitendo sasa. Unalipia gari, hulipii kichwa, kwa hiyo jaza gari. Ni karibu na Peebles, barabara ya jimbo namba 73. Usikanyage tuta, mtoto umshike. Mnara ni wa chuma, wa mwaka 1908, ngazi zinaonekana chini, mama yake kama anaogopa kimo abaki.

Ukitoka hapo nenda Wheat Ridge kwa Waamishi, Wakristo wanaoishi kizamani. Wanatembea kwa mkokoteni wa farasi, wanaoka mikate na kutengeneza fanicha za mbao. Meza niliyonunua kwao nimehama nayo mara tatu haijalia. Na kama unapenda kutembea kwa miguu, kuna hifadhi ya Edge of Appalachia, ilianza 1959 na kipande kidogo cha Lynx Prairie ambacho Lucy Braun, bingwa wa mimea, alikipigania. Vipande vya mbuga ya nyasi katikati ya msitu, juu ya mwamba wa chokaa.

#44 Mtaa_wa_Saba
Na jina hilo la hifadhi linatosha kuonyesha kwamba Adams si ile Katikati Magharibi ya mahindi na tambarare. Ni Appalachia, ukanda wa milima wa mashariki ya Marekani. Vilima, muziki wa banjo. Cowboy Copas, yule mwimbaji aliyekufa 1963 kwenye ndege moja na mwimbaji mwenzake Patsy Cline, alizaliwa Blue Creek humo humo.

#45 Shamba_la_Mjomba
Ni zote mbili. Magharibi ya kaunti unaona mahindi na soya, mashariki unaona vilima. Ukienda na kurudi umefika mikoa miwili kwa mafuta ya mmoja.

#46 Dereva_wa_Zamu
Wakuu nimerudi. Tulienda Jumamosi.

Ni kweli, chini huoni kitu. Binti alianza kununa: "Baba, haya ni majani." Tukapanda mnara, akanyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamaza. Limekatwa nyasi vizuri, linateleza ukingoni mwa genge kama limetoka kunywa maji kule chini.

Kulikuwa na bango la maelezo, nikamweleza ya bangoni na yote mliyonipa: Profesa Putnam wa Harvard aliyekuta eneo linaelekea kuharibiwa na kilimo, akina mama wa Boston wakachanga hela likanunuliwa miaka ya 1880, ule mkaa wa aina mbili, Washawnee, kimondo. Akasikiliza kimondo tu. Kile cha mdomoni nikamwambia wengine wanasema ni yai, wengine jicho, wengine jua linamezwa. Akasema ni chura.

#47 Nyota_Njema
Jua. Tayari nilishasema.

#48 Adamu_na_Hawa
Tunda.

#49 Mzee_wa_Makorokocho
Nimeitazama picha yako, ni dafu.

#50 Dereva_wa_Zamu
Sasa kaniachia swali jipya, na bango halina jibu: walioanza kujenga walianzia kichwani au mkiani?

#51 Bi_Mkasi
Mkiani. Huo mkia si umeviringwa? Kawa unaanza kwenye kitovu, unazungusha, unazungusha, kisha ndiyo unatoka.

#52 Fundi_Chokaa
Hapana. Hakuna fundi anayeanza kabla ya kuchora mstari mzima. Inasemekana walipanga mawe na mabonge ya udongo wa mfinyanzi kwanza, ndiyo wakajaza. Kwa hiyo walianza kote kwa pamoja.

#53 Bi_Mkasi
Na mstari huo ulichorwa kuanzia wapi, fundi?

#54 Fundi_Chokaa
Kichwani, kwenye jua.

#55 Jiwe_Lililoanguka
Gengeni.

#56 Kigoda_cha_Mbele
Naongeza chai. Nani hana sukari?